Kiraka Chako Chini ya Kiti

Papa yangu mupenzi,

Jambo kutoka huku Ubeleji. Mugongo unakuachilia kidogo? Na Maman, dawa yake anaimeza kila siku ao bado anaisahau? Mimi niko muzima. Baridi tu inapasua vidole, na bila vidole sina kazi.

Kazi yenyewe iko mu ateliye ya kutengeneza viti vya zamani. Chef, mukubwa wetu wa kazi, anaelezea kila siku makiliya wenye kuvinunua: mwenye kuvichora hakupenda marembo. Alitaka kiti chepesi, cha chuma na mbao, cha kutosha kila mutu, mutoto wa mufanyakazi akae sawa na mutoto wa waziri. Makiliya wanatingisha kichwa, wanasema hayo ni mawazo mazuri sana. Kisha wanakilipia pesa nyingi sana, wanakipeleka kwao, wanakiweka mahali hakuna mutu anakaa.

Wiki iliyopita viliingia vingine. Niligeuza kimoja. Papa, chini yake niliona mukono wako: kipande cha mbao ya muvula ulichobandika pale mbao ilipasuka, na ile alama yako ya musalaba. Ni vile viti vya shule ya parokia, kule kwetu Kadutu. Unakumbuka yule bwana aliyeleta viti vya plastiki vipya, akachukua vya zamani? Ulimusaidia kuvipakia mu kamio. Ulimuita mufadhili.

Nilimwambia Chef: "Hii, ni Papa yangu aliitengeneza."

Alifurahi, akaita wengine, wakanipiga picha na kiti. Kisha akasema: "Sasa toa hicho kiraka. Kiliya anataka kiti vile kilitoka ku fabrike."

"Kikitoka, kiti hakitabeba mutu."

"Nani alikuambia kuna mutu atakikalia?"

Nilikitoa, Papa. Makaratasi yangu ya kuishi huku yanategemea hii kazi. Na nilifanya vizuri, vile ulinifundisha, hata wewe hungeona mahali kilikuwa. Chef alinisifu mbele ya wote. Nilienda kujifungia mu twalete, nikalia.

Unisalimie Maman, na shangazi wa Luvungi akipanda huko kwenu kuleta mahindi. Naye Tonton Zihalirwa, aniombee huko parokiani, darasani anakofundisha. Aliniandikia kwamba vile viti vya plastiki vyote vilishavunjika, watoto wanaandika wakiwa wamekaa chini. Papa, uwatengenezee mabenchi, hata ya mbao mbaya. Na miguu yake uizike ndani ya simenti, kama mufadhili mwingine atapita na kamio.

Binti yako,
Nsimire