Bunduki ya Baba Imemzidi Binti Yangu, Nikate Kitako?

Mama Eufrazia mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijavunjiana heshima na mama yangu mzazi, maana tumefika mahali tunakula kimya kimya kama wageni, na sababu yenyewe ni kipande cha mti. Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Mamba, wilaya ya Mpanda, na baba yangu, Mzee Leodgar, alifariki mwaka jana wakati wa kupalilia, akaacha bunduki moja ya raifo ya kuwindia aliyoinunua kihalali mimi sijazaliwa, na kwa bunduki hiyo alitulea.

Sijui nikueleze vipi enzi zile zilivyokuwa. Baba alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa huku kwetu, na kiangazi akishapata kibali cha kuwinda alikuwa akiondoka na baiskeli, bunduki mgongoni, sisi watoto tunamsindikiza mpaka barabarani, halafu tunakaa tunasikilizia, na akirudi na nyama ya nyati au pofu, harufu ya nyama inayokaushwa juu ya moto ilikuwa inajaa kijiji kizima na hakuna nyumba iliyokosa mboga. Jioni alikaa barazani akiisafisha kwa kitambaa na mafuta, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani nageuka kumtafuta. Porini alinipeleka mara mbili tu. Ile ya pili tulirudi kabla ya kufika, akaniambia kwa upole, "Deo, mikono yako wewe ni ya mpunga," na kweli ni ya mpunga, silalamiki.

Sasa alipokuwa kitandani, mbele yangu na mbele ya mama, alisema bunduki apewe Marsela, binti yangu wa kwanza, ambaye ana miaka kumi na tisa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikaa naye shambani kulinda mpunga. "Huyu anajua kusubiri," alisema. Na mwaka huu viboko wametoka mtoni wameingia majarubani kama ng'ombe wasio na mchungaji, shamba la jirani yetu Lyamba wamelimaliza, na watu wananiuliza kama bunduki ya Mzee ilizikwa naye, kwa sababu zamani Baba alikuwa akipiga hewani mara moja tu na wanyama wanaondoka.

Marsela akasema atajaribu, lakini mtoto huyu ni mfupi, kamfuata mama yake, na ile ni bunduki ya mtu mrefu, akiiweka begani lazima ajinyooshe ndipo kidole kifike kwenye kifyatulio. Tukaenda kwenye jaruba lililokauka, akapiga risasi tatu, akarudi nyumbani anatembea sawasawa. Jioni mke wangu akaniita chumbani, nikaona bega la mtoto limevimba, jeusi, na mdomo umepasuka kwa ndani na nje. Nikamuuliza mbona hukusema.

"Nitazoea, Baba," akasema.

Basi nikamwonyesha fundi Gratien, Mrundi wa Mwese aliyekuja huku kutengeneza madawati ya kanisani, akaigeuza geuza, akasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja, anakata kitako, ule mti wa begani, upana wa vidole vitatu, anapigilia raba ya tairi mwishoni ili isiumize, mtoto anaishika vizuri. Mama Pelagia, ndiye mama yangu, alikuwa amesimama mlangoni anasikia.

"Hapo ndipo lilipokuwa linakaa bega la baba yako," akasema. "Mkitaka kukata, nikateni mimi kwanza."

Fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka. Jumapili wakati mama yuko misani nikachukua msumeno mwenyewe, nikaiweka bunduki juu ya meza, nikapiga alama, nikashindwa, Mama Eufrazia, mkono ulikataa, nikakaa chini nikalia mtu mzima na ndevu zangu, mke wangu akanikuta hivyo hivyo. Nifanye nini? Nikate nimuumize mama, nisikate aumie mtoto, au niipeleke serikalini tusahau?

Deogratias, Mamba, Mpanda, 1996

*

Deogratias,

Pole kwa kufiwa. Ipokee pole hiyo vizuri, kwa sababu sasa nakugombeza.

Kibali cha kumiliki silaha kilikuwa cha baba yako. Marehemu hamiliki bunduki. Tangu mlipomzika, silaha hiyo haina mwenyewe mbele ya sheria, na wewe umeiweka nyumbani, umemkabidhi binti, umemruhusu na kupiga. Wangekukuta pale kwenye jaruba ungeniandikia barua hii ukiwa mahabusu. Usiiguse tena. Nenda polisi uwaeleze ukweli wote, wakuelekeze jinsi ya kuifikisha kwao. Ukienda, nenda na Marsela na mama yako, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa maneno ya marehemu. Wakisema binti hafai kuimiliki, itabaki huko nawe utarudi kulima. Wakikubali, endelea kunisoma.

Eti atazoea! Na wewe ukanyamaza? Mtu hazoei kupigwa. Kila akivuta kifyatulio atakuwa ameshafumba macho akingojea maumivu, na mtu aliyefumba macho na raifo mkononi ataua ng'ombe wa Lyamba au Lyamba mwenyewe. Bunduki iliyomzidi mtu ni hatari kwa wote walio mbele yake. Kwa hiyo kitako kikatwe, na polisi wakuambie ni fundi gani anaruhusiwa. Baba yako hakumwachia Marsela kitu cha kutundika ukutani. Alimwachia kazi.

Mama yako analilia bega la mumewe, na ana haki. Usimfuate na msumeno, wala usimwombe ruhusa ukiwa umesimama. Kaa chini, mwache amzungumzie Mzee mpaka atosheke, hata kama mpunga utangoja. Halafu Marsela mwenyewe amwonyeshe bibi yake ule mdomo na amweleze bega lilivyokuwa. Najua mlimficha. Acheni kumficha.

Nimebaki na wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika kwamba hulalamiki, na hakuna aliyekuuliza. Mkono wako haukukataa kwa sababu ya mama. Wewe ulipitwa, ndugu yangu, bunduki ikaruka kutoka kwa baba ikaenda kwa binti, na mpaka unashika msumeno ulikuwa hujapata nafasi ya kuilia. Sasa umeshalia, na si aibu. Lakini Marsela asije akahisi kwamba amekuibia. Mwambie kwa mdomo wako, mkiwa wawili, kwamba babu yake alichagua vizuri. Hilo lisemwe kabla fundi hajashika msumeno.

Mama Eufrazia

*

Mpunga wa mwaka uliofuata ulipoanza kuchanua, Deogratias alituandikia tena, na kwa ruhusa yake tunaweka sehemu ya barua hiyo:

"Polisi walinisema sana, wakakaa na bunduki muda mrefu, lakini mwishowe walimpa Marsela kibali, na askari mstaafu wa wanyamapori akamfundisha mpaka akaridhika. Mama aliposikia habari za bega alimkalisha mtoto mbele yake akamsuka nywele, na alipomaliza akasema fundi tuliyeelekezwa na polisi aitwe. Fundi alipokuwa anakata, mama ndiye aliyeushika ule mti usicheze. Yale maneno uliyoniambia nimwambie Marsela nilimwambia kabla fundi hajaja, tukiwa wawili njiani kurudi kutoka shambani. Alinipokea mzigo niliobeba, tukaendelea kutembea.

Juzi jioni viboko walikuja. Marsela alipiga hewani mara moja, nao wakageuka wakarudi mtoni. Lyamba alifika mbio kutoka upande wa pili, anahema, anaita, 'Mzee! Mzee Leodgar!' Alipomwona ni binti amesimama kwenye tuta, akapunguza mwendo. Halafu akavua kofia, akamwamkia."