Digrii ya Pili ya Ekai

Lodwar, 3 Februari 2025

Mwanangu Ekai,

Ejok, hujambo? Huko Kakuma joto likoje? Mimi mzima kabisa, vijana nawashinda kutembea. Ni ule uvimbe wa tumbo tu, umeongezeka kidogo. Naandika kwa sababu simu inapiga kelele, na majirani wanasikia habari ya tumbo langu.

Shangazi yako anasema umechukua digrii ya pili, hiyo ya afya ya jamii, unasoma pamoja na udaktari, na inakuongezea mwaka mmoja juu. Nani alikutuma? Mimi nimeambia Lodwar yote: kisu kitakachonigusa ni cha Ekai peke yake. Madaktari wa hapa nimewafukuza mara mbili. Kumbe wewe unahesabu vyoo vya wakimbizi! Acha hiyo ya vyoo, maliza ya kisu, uje unipasue.

Mbwa zangu hawajambo. Hakuna mbwa kama hao.

Baba yako,
Lokorio

Kakuma, 19 Februari 2025

Baba,

Habari ya nyumbani? Usingizi unapata? Chakula kinakaa tumboni?

Ni kweli, nasoma zote mbili. Asubuhi niko zahanati, mchana natembea nyumba kwa nyumba, jioni vitabu. Juzi nilisinzia mbele ya mwalimu. Lakini sihesabu vyoo, nauliza habari za mbwa. Uvimbe kama wako hutokana na mayai ya minyoo ya mbwa, yanashika mikononi na kuingia kinywani. Mama mmoja wa hapa, Nyaboth, alinicheka: "Daktari mzima anauliza mbwa amelala wapi!" Kisha akanionyesha tumbo la mtoto wake.

Na hata nikiiacha hiyo ya pili leo, Baba, sitakupasua. Upasuaji husomewa miaka mingine baada ya chuo, tena hakuna atakayeniruhusu kumpasua baba yangu. Ukiningoja, huo uvimbe utapasukia ndani.

Nenda hospitali. Mwezi wa nne ukifika sijapata neno, nitaacha masomo nije nikupeleke mwenyewe.

Mwanao,
Ekai

Lodwar, 27 Machi 2025

Mwanangu Ekai,

Salamu nyingi. Unakula? Unalala? Mimi mzima, ila kucheka nacheka polepole kwa sababu ya nyuzi.

Nilipasuliwa Jumanne ya wiki iliyopita. Sikukuambia, maana ungekuja. Daktari mwenyewe ni mwanamke, hanifiki begani. Nikamuuliza, "Wewe utaweza?" Akasema, "Mzee, lala. Maneno utamalizia ukiamka." Nilipoamka nikamalizia. Wametoa mfuko wa maji mkubwa kuliko wa mtu yeyote wodini, uliza watakuambia. Wa kitanda cha pili alitolewa kadogo kama limau, na analia.

Watu wananiuliza, "Lokorio, si ulisema kisu cha Ekai?" Nawajibu, Ekai hashughuliki na tumbo moja tu.

Kwa hiyo usije. Maliza zote mbili, nimeshawaambia.

Baba yako,
Lokorio