Saa ya Prosesa ya Tatu

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo huko? Sisi wazima, ila Mama na mgongo wake.

Kazi mpya imenoga, ingawa bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Tunatengeneza mashine za kusukuma dripu hospitalini. Mimi naandika kiini cha mfumo, yaani programu inayoendesha mashine, na nimeachiwa nichague saa ya kupimia muda wa dozi. Kompyuta iliyo ndani ya mashine ina prosesa nne, yaani bongo nne za kukokotoa, kila moja na saa yake ndani, nyepesi kusoma. Ipo saa nyingine nje, ya prosesa zote, lakini inasomeka polepole. Nimepima: saa ya prosesa ya tatu iko nyuma ya wenzake. Bosi anataka kasi. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Nichague ipi?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama. Mwambie Mama aache kuinua ndoo.

Wewe na woga mlizaliwa pacha! Chukua ya ndani. Nimeitumia miaka yote na haijaniangusha. Umepima vibaya, rudia ukiwa umeshiba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa mkuu ni mimi.

Dada yako

20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Juzi nimepewa kompyuta mpya yenye prosesa nane. Programu yangu ilipohamishwa kutoka prosesa moja kwenda nyingine, muda ukarudi nyuma! Ndipo nikakumbuka kwamba mashine zangu zote za zamani zilikuwa na prosesa moja tu. Saa iliyo peke yake itapishana na nani? Ulipima sawasawa, nami nikakucheka. Najuta sana. Badilisha kabla mashine hazijatoka. Nijibu hata neno moja.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Zilitoka Mei. Moja, programu ilipohamia prosesa ya tatu, iliona muda umerudi nyuma, ikadhani wakati wa dozi bado, ikasubiri. Mgonjwa akakaa bila dawa mpaka muuguzi alipogundua. Amepona, tumshukuru Mungu. Mimi nimeachishwa. Waliponiuliza kwa nini nilipuuza vipimo vyangu mwenyewe, sikukutaja. Ningesemaje? Mtu mzima, vipimo mkononi, nikavifuta kwa sababu dada amesema.

Mama nimemwambia mkataba umeisha. Nawe ukiulizwa, sema hivyo hivyo.

Sijakukasirikia, usilie. Nimeomba kazi kwingine. Nikiipata nitakujulisha, ila mambo ya kazi sitakuuliza tena.

Mdogo wako