Maharage ya Siku ya Roketi

Port Ansel, Florida
12 Septemba 2011

Mwanangu Royce,

Salamu zako za simu nimezipata, ila simu hainishibishi, ndiyo maana nimeshika kalamu. Hujambo huko Wichita? Kifua kimepona? Huku tunaendelea, mimi na magoti yangu, na binti yako Marlys na mdomo wake.

Tangu chombo cha anga cha mwisho kirudi mwezi wa Julai na ninyi nyote mkaachishwa kazi kule Rasini kwenye viwanja vya roketi, mtaa umepooza. Kila ukigeuka unaona kibao cha nyumba inayouzwa. Akina Hollis wamekwenda Texas, wamemwacha hata paka. Mji huu ulizaliwa na roketi, Royce. Kabla yake palikuwa na michungwa na mbu, basi.

Shule ndiyo inayoniuma zaidi. Nilipoanza kupika pale mwaka sitini na nne, watoto walifurika hadi wakasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine alasiri, na sisi jikoni tukawalisha kama jeshi. Sasa darasa la fizikia la Marlys lina wanafunzi saba. Mwalimu Mkuu Tolliver anasema halmashauri ya elimu inataka kuiunganisha shule na sekondari ya ng'ambo ya mto. Kuiunganisha, yaani kuifunga kwa adabu.

Nilimwambia Marlys akuandikie. Akanijibu, "Bibi, kutomwona baba nimeshazoea, barua za nini?" Nikamwonyesha mwiko. Msamehe, ana miaka kumi na sita.

Mama yako,
Ardith

Wichita, Kansas
9 Oktoba 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, yamebaki mafua tu. Huku kuna upepo, ngano, halafu upepo tena.

Kiwanda cha ndege kimenipokea vizuri. Nikiwaambia wenzangu kwamba miaka ishirini na miwili nilibandika vigae vya kuzuia moto tumboni mwa chombo cha anga, wananitazama kama mzee anayedai aliwahi kuwa mfalme. Nimeacha kusema.

Mama, sikuzungushi. Namtaka binti yangu. Tangu mama yake atuache nimekuwa nikimlea kwa mikono yako, nalijua hilo. Nilimwacha kwako kwa sababu alilia kwamba lazima amalizie masomo pale pale. Ikiwa shule yenyewe inafungwa, basi aje Januari. Akikataa, akatae kwa kinywa chake, usimtilie maneno.

Mwanao,
Royce

Port Ansel
15 Januari 2012

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. U mzima? Huku afya si haba. Nimechelewa kujibu, na nimechelewa makusudi.

Tulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Watu walijaa, hata wazee waliomaliza pale zamani wakaja na makoti ya timu yasiyofunga vifungo. Halmashauri imetupa mwaka mmoja. Oktoba watahesabu vichwa. Wakikuta watoto wamepungua tena, wanafunga. Kwa hiyo kila anayeondoka anasaidia kufunga mlango. Nawe unataka kumwondoa wa kwetu.

Halafu Marlys akasimama. Mwanao hana haya. Akasema, "Mlitujengea maabara, mkatuwekea hadi kwenye korido saa ya kuhesabu nyuma mpaka roketi ipae, mtihani ukaahirishwa kwa sababu kule Rasini upepo umechelewesha roketi. Baba zetu walitupatia shule hii badala ya kutupatia wao wenyewe. Sasa hata shule mnachukua?"

Walimpigia makofi hadi ukumbi ukavuma. Mimi sikupiga. Nilijua anamsema nani.

Hatakuja, Royce. Amekataa kwa kinywa chake.

Mama yako,
Ardith

Port Ansel
24 Mei 2012

Mwanangu Royce,

Tangu Januari kimya. Haya, nuna. Natumaini unanuna ukiwa na afya njema. Lakini hili huwezi kulinunia.

Roketi imepaa! Si ya serikali, ni ya ile kampuni changa iliyokodi uwanja wa kurushia kule Rasini. Asubuhi madirisha yakatetemeka, na mimi nikakaa sakafuni jikoni nikalia kama mtoto. Shuleni waliacha karatasi za mtihani mezani wakakimbilia uwanjani wote, walimu mbele. Magari yalipiga honi mpaka sokoni. Jirani yetu Petrie aling'oa kibao chake cha kuuza nyumba akakitupa mtaroni.

Nami nikabandika maharage na kuoka mkate wa mahindi. Unajua desturi: kule chumba cha kurushia wanakula hivyo kila roketi ikipaa salama, na jikoni shuleni hatukuwahi kuwakosesha watoto. Nilipika sufuria kubwa kwa mazoea, wakati tuko wawili.

Kampuni inaajiri. Rudi nyumbani. Marlys atapata baba, shule itabaki na kichwa chake, nami nitapata wa kumaliza maharage haya.

Mama yako,
Ardith

Wichita
10 Juni 2012

Mama,

Shikamoo. Sikununa. Kila nilichoandika nilikichana, maana mtoto alisema kweli pale ukumbini.

Nimetuma maombi na wameniita kwenye usaili mwanzoni mwa Julai. Kiwanda kimenipa likizo ya wiki mbili. Usimwambie Marlys habari za kazi, mwambie nakuja kumwona. Lakini wewe nakuambia: mikono inaniwasha, Mama. Nimeota harufu ya gundi ile ya vigae.

Mwanao,
Royce

Wichita
22 Julai 2012

Mama,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia. Tulipokuwa tunapakia mizigo ulijifungia chumbani, na Marlys alilia hadi mpaka wa Georgia. Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo hulijui.

Ulidhani walinikataa kwa ajili ya mvi. Hapana. Kazi walinipa.

Kijana aliyenisaili alinitembeza karakana nzima. Nyuma ya mashine akanionyesha kitanda cha kukunja wanacholalia kazini, anajivunia kabisa. "Hapa hatuangalii saa, mzee," akasema. Zamani ningemshika mkono siku hiyo hiyo. Nikaomba siku moja ya kufikiri.

Jioni nilimchukua Marlys tukakaa ndani ya gari kando ya mto. Nikamweleza. Akauliza, "Umekubali?"

"Bado."

"Utakubali tu. Nilipokuwa darasa la pili, madirisha yakitetemeka wenzangu walikuwa wanasema hiyo roketi. Mimi nilikuwa nasema huyo ni baba. Mwalimu akadhani nina matatizo."

Nikamuuliza, kama ana uchungu hivyo, mbona alikataa kuja Wichita? "Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Nilijua roketi zikirudi na wewe utarudi. Haya, umerudi. Na nikiangalia, bado nitakuwa nasubiri tu, ila sasa utakuwa karibu."

Mama, niliwasha gari nikaturudisha nyumbani. Asubuhi nikaipigia kampuni nikasema hapana. Sikumwomba aje nami. Nilipotoka nje nikakuta ameshaweka sanduku lake kwenye gari.

Najua nimeiondolea shule kichwa kimoja. Nisamehe ukiweza.

Mwanao,
Royce

Port Ansel
19 Agosti 2012

Royce,

Marahaba. Wote wawili mko wazima? Anakula? Usimpe vyakula vya makopo.

Nina hasira na wewe na sitaificha. Umekataa kazi ambayo nusu ya mtaa huu ingeipigia magoti. Petrie walimrudisha mlangoni. Ameokota kibao chake mtaroni na kukipaka rangi upya. Wanachukua vijana, tena wachache, na mitambo inafanya yaliyobaki. Mimi ndiye niliyekuita nikidhani madirisha yakitetemeka basi mambo yamerudi. Hapa sote tulidhani hivyo.

Tolliver aliniuliza habari za Marlys. Nikamwambia kaenda kwa baba yake. Nilingoja aninunie, maana anahesabu watoto hadi usingizini. Akasema, "Afadhali mmoja wao ampate baba yake."

Nikuambie linalonichoma. Baba yako alimwaga zege la viwanja vile vya kurushia. Siku niliyokuzaa alikuwa kazini, na siku ulipoanguka mtini ukavunjika mkono alikuwa kazini, na nilipokuwa namwuguza mwishoni alikuwa bado anauliza kama upepo umetulia Rasini. Nilimpikia, nikajivuna, nikakulea wewe ujivune vilevile. Royce, miaka yote ile sikujua kwamba mtu anaweza kusema hapana. Hakuna aliyeniambia. Nyumba ni kubwa sana jioni.

Mwambie Marlys namkumbuka. Mwambie aniandikie mwenyewe.

Mama yako,
Ardith

Wichita
18 Septemba 2012

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tu wazima. Anakula kunishinda. Barua yake ameiweka humu humu, imefungwa kwa gundi, nimekatazwa kuisoma.

Krismasi tunakuja wote. Usipike chochote, tutapika sisi.

Shule mpya anaiita zizi la ng'ombe. Hakuna anayetazama juu, anasema. Wiki ya kwanza aliniuliza natoka kazini saa ngapi. Saa tisa na nusu, nikamwambia. "Kila siku?" Kila siku.

Kesho yake nikitoka getini namkuta amekaa juu ya ukuta, mkoba magotini. Keshokutwa yake vilevile, na wiki nzima iliyofuata. Ni mwendo mrefu kutoka shuleni kwao, na basi la wanafunzi linampita pale pale njiani. Wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimewekewa polisi. Mimi sikumuuliza. Niliogopa.

Jana Jumatatu nikatoka, ukuta mtupu. Nikangoja, nikazunguka geti mara mbili, nikaendesha gari kama mwehu hadi nyumbani. Nikamkuta jikoni anamenya viazi, redio imefunguliwa.

"Mbona leo hukuja?" nikamuuliza, nahema.

Hata kichwa hakuinua. "Nije kufanya nini? Si unatoka saa tisa na nusu."

Mwanao,
Royce