Pedali ya Mwangwi Imechukuliwa

Ole, Pemba

Kaka Ngwali,

Sote wazima, na mihogo imekubali.

Pedali uliyoniletea, kile kisanduku cha gita cha kukanyaga, ilikaa kimya tangu ulipokimbilia Mombasa. Nilisoma kikaratasi chake kwa kamusi, kumbe nilichomeka gita kwenye tundu la kutolea sauti. Nilipogeuza waya ikalia, ila ikavuma kwa umeme. Nikaitia betri, ikatulia. Gita likasikika kama linapigwa kisimani.

Jana wakaingia wanaume wawili tusiowajua.

"Binti, hii inazungumza na nani?"

"Haizungumzi. Inarefusha sauti ya gita."

"Inarefusha mpaka Mombasa?" Wakacheka.

Wameichukua. Wamesema watakukabidhi wewe mwenyewe, Idi hii. Wallahi sikuwaambia kwamba unakuja.

Usije, kaka.

Mdogo wako akuombeaye,
Mwanawema