Kichwa cha Prisca

Eunike, upo? Acha unachofanya usome hii.

Leo kaja mama mmoja kuchukua gauni nililomshonea. Nikampa mkono, "Shikamoo mama." Mkono umebaki hewani, Eunike. HEWANI!

"We si Mwarusha? Nani kakufundisha kusalimia wakubwa kwa mkono?"

Basi ikawa kiuno kinabana, pindo limepinda, fumua hapa, fumua pale. Akanimwagia mpaka kopo la pini!

Ndo akaingia Prisca, fundi mwenzangu. Mmeru wa Kikatiti! Kainamisha kichwa, kaguswa utosini kama mtoto wa nyumbani. Na salamu hiyo yetu Waarusha nimemfundisha MIMI, siku nilipompeleka kwetu Olmotonyi!

Gauni likaacha kubana hapo hapo.

Halafu mama akaita nje, "Sankale, mwanangu, njoo uone binti mwenye adabu."

Sankale. Sankale WANGU, ambaye kila siku namsubiri anipeleke kwao!

Kaingia, kamsalimia Prisca, meno yote nje. Mimi hata hakuniona, maana saa hiyo ndo kichwa changu kilikuwa chini, naokota pini alizomwaga mama yake.