Chupa Zako Tano na Kile Ulichoninong'oneza

Shangazi yangu,

Shikamoo huko uliko. Sijakuandikia tangu tukuzike mwaka jana, na leo sikuandikii kwa wema. Nina jambo na wewe.

Unakumbuka siku ya harusi yangu, kile chumba cha nyuma ya duka lako pale Ujiji? Ulimfukuza kila mtu, hata mama, ukanikalisha mkekani na chupa zako tano za mafuta ya kunukia mbele yetu: msandali, udi, karafuu, waridi, asmini. Sheria yako tuliijua wote. Chupa moja, harufu moja. Anayetaka mchanganyiko aujenge mwilini mwake, tabaka juu ya tabaka. Mteja akiuliza mafuta yaliyochanganywa tayari, unamjibu, "Hapa sipiki mchuzi." Basi ukanipaka kwa mkono wako, ukaninong'oneza ipi itangulie na ipi ifunge. "Huu mpangilio ni wako peke yako. Sijampa mwingine, na sitampa."

Miaka kumi na moja nimejipaka hivyo hivyo. Mwezi uliopita niko sokoni Mwanga, nachagua dagaa, akapita mwanamke nyuma yangu. Mama yangu wee! Nilijinusa mimi mwenyewe. Nikageuka: binti mbichi, kanga mpya, hina mpaka kwenye viwiko. Nikamfuata hadi kwa fundi cherehani wake, nikajibana pembeni namtazama. Kapewa na nani? Wewe umekufa. Anayeujua mwingine ni Hamisi, mume wangu, anayeniona nikijipaka kila Ijumaa. Na wiki ile Hamisi alikuwa amenunua shati jipya. Shati la nini?

Nilirudi nyumbani nikamwashia moto, majirani wakisikia. Akaapa. "Mke wangu, mimi hata udi na karafuu sizitofautishi." Nikasema ndivyo wanavyosema wote. Akabeba begi lake akaenda kwa kaka yake Bangwe, na hii ni wiki ya tatu.

Juzi nikamvizia yule binti kwa fundi. Nikamuuliza nimeuma meno, hayo mafuta kakupaka nani? Akarudi nyuma hatua moja. "Bibi mmoja wa Ujiji, marehemu sasa, siku ya harusi yangu. Aliniambia ni yangu peke yangu. Wewe dada umeyajuaje?" Akanikazia macho. Kumbe naye ananishuku mimi na mumewe!

Sikumwamini. Nikaenda Buzebazeba kwa binamu yangu Mwanaidi, uliyempamba mwaka mmoja kabla yangu. Alifunga mlango kwanza, ndipo akanitajia: msandali, udi, karafuu, waridi, asmini ya mwisho. Ule ule.

Shangazi! Umetudanganya wangapi?

Jana nimeshinda dukani kwako najaribu mipangilio mingine mkononi. Asmini ikitangulia, karafuu inaimeza. Udi ukikaa juu, mtu ananuka msiba. Waridi chini ya msandali halisikiki kabisa. Kila nilichojaribu kiliharibika, nikanawa nikaanza tena. Ulikuwa na mpangilio mmoja tu unaofaa, na maharusi kila Ijumaa. Mpaka sasa sijui kama ulitupenda au ulitucheza shere, na nakushuku yote mawili. Ila nilipokuwa najiona sina mwenzangu mji mzima, nilitembea vizuri, hilo sikunyimi.

Sasa umeniacha pabaya. Nikimtakasa Hamisi, lazima niseme ulikuwa mwongo, na kaka yake atasikia, na mke wa kaka yake atasikia, na yule naye ulimpamba wewe. Kufika Ijumaa Ujiji yote itajua, na duka uliloniachia limesimama juu ya mnong'ono ule. Nikinyamaza, duka linabaki, mume anabaki Bangwe.

Jina lako nalipenda, shangazi. Hamisi nampenda zaidi. Mchana huu nakwenda kumwambia kila kitu, mbele ya kaka yake kama nilivyomtukana mbele ya majirani. Nimeoga kwa sabuni ya kipande, sijapaka chochote.

Lala salama, na unisamehe kama ninavyojaribu kukusamehe.

Mimi, mtoto wa kaka yako